Sebule inayofanana na wenyewe: baraza, zidaka na makabati ya kujengea ukutani, hatua kwa hatua

Sebule yetu ni futi 13 kwa 17, kama mita 4 kwa 5.2 hivi, nyumba ya tofali za inchi 6 huku Kigamboni, na kwa miaka 4 mizima ilikuwa na seti ya sofa zile kubwa za kujaa chumba, kabati la tivii la dukani na meza ya kioo katikati, basi. Tunaishi watu 6 humo. Lakini mgeni akiingia hawezi kujua yuko kwa nani, maana vitu vyetu vyenyewe vilikuwa vimefichwa: sahani za kaure za bibi yake mume wangu ziko kwenye boksi juu ya wodrobu, albamu za harusi chini ya kitanda, vitabu vya watoto kwenye kiroba nyuma ya mlango. Ndo tukaamua kuuza ile seti na kujengea, yaani baraza la kukalia chini ya dirisha, zidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu), na makabati ya vitabu na tivii kutoka kona mpaka kona. Naandika yote tuliyofanya pamoja na tulipokosea, ili we usirudie.

Jambo la kwanza kabisa, kabati la kujengea halianzi kwa fundi na wala halianzi kwa picha za Pinterest. Linaanza kwa vitu ulivyonavyo na watu wanaokaa hapo. Ukianza na picha utapata sebule nzuri ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: kaa na daftari wiki nzima

Siku 7, kila jioni andika nani alikaa wapi, alikuwa anafanya nini, na kitu gani kilikuwa kinazagaa sakafuni. Usirekebishe kitu, andika tu. Mi nilikuta watoto wanafanya homuweki chini wamelalia tumbo kwa sababu meza ya kioo iko mbali na taa, chaja zote zinagombania ekstensheni moja, na mama mkwe wangu akitaka kuswali anasubiri watu waondoke kwa sababu upande wa kibla ndo tuliweka sofa kubwa (kwa Dar kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, sasa ukuta wetu wa kaskazini ulikuwa umejaa). Nilikuta pia magodoro 2 ya wageni yanaishi koridoni mwaka mzima, wageni wa Tanga wakija ndo yanapata kazi.

Ukimaliza, chukua tepu upime vitu vyenyewe. Kitabu kirefu kuliko vyote, albamu, king'amuzi na rauta, cherehani kama ipo, godoro la akiba likikunjwa, sahani kubwa ya ukumbusho, Msahafu au Biblia na sehemu yake ya heshima ya juu. Andika upana, urefu na kina. Hii karatasi ndo mchoro wako wa kwanza na ina thamani kuliko picha mia za mtandaoni, maana fundi hawezi kujua kwamba albamu yako ina sentimita 36 na rafu aliyokupimia ina 30.

Hatua ya 2: angalia wazee wetu walivyofanya

Mtu akisikia makabati ya kujengea anadhani ni mambo ya kisasa ya nyumba za maghorofa. Hapana jamani, pwani yetu ilikuwa nayo zamani sana. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe Unguja, ambazo ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO (Mji Mkongwe tangu 2000, Lamu 2001), zina baraza za kujengea kwenye daka pale mlangoni ambapo mgeni anakaa bila kuletewa kiti, na ndani kabisa zina zidaka, vile vishimo vya ukutani vilivyopangwa safu kwa safu na kupambwa kwa chokaa. Humo wanaweka taa, vitabu, sahani za Kichina, vyombo vya thamani. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba, mita 2.5 mpaka 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka upana mkubwa zaidi ya huo. Sasa kwenye chumba chembamba ukijaza fenicha huwezi kupita, ndo maana vitu vikaingizwa ukutani.

Sebule zetu nyingi za sasa ni nyembamba vilevile ila tunazijaza masofa. Mi hapo ndo nilipopata jibu langu, baraza upande mmoja, zidaka upande mwingine, katikati pabaki wazi pa kutandika mkeka. Ramadhani tunafuturu pale chini watu 12 na nafasi inabaki.

Hatua ya 3: pima ukuta kama vile humwamini

Na kweli usimwamini. Ukuta wetu wa mita 4 nilipima sehemu 3, chini kabisa, usawa wa kiuno na juu. Chini ilikuwa sentimita 400, kiunoni 398.5, juu 397. Fundi angepima chini tu akatengeneza kabati la 400 lingegoma kuingia. Kwa hiyo tulitengeneza makabati ya jumla ya sentimita 394, katikati 156 kwa ajili ya tivii na pembeni 119 kila upande, halafu zile nafasi zilizobaki kwenye kona zikazibwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyochongwa kufuata ukuta ulivyopinda. Ukiangalia huoni kitu, linaonekana kama limeota pale.

Pima pia madirisha na kimo chake kutoka chini, mlango unafungukia wapi, soketi na swichi ziko wapi, na angalia nguzo za zege ziko upande gani. Halafu jua upepo unaingilia wapi. Nyumba yetu inapata kusi kupitia dirisha kubwa, nikaapa hakuna kabati litakalolisogelea lile dirisha hata kidogo, kuna nyumba nimeona wameziba dirisha kwa ajili ya tivii na sasa wanawasha eisi mchana kutwa mwezi wa saba.

Ukishapima, chora ukutani kwa chaki ukubwa halisi. Panga maboksi ya dukani kwenye mstari wa baraza. Ishi nayo siku 3. Watoto wapite, mlango ufunguliwe, mtu abebe sinia la chai kutoka jikoni. Njia ya kupita iwe sentimita 80 mpaka 90, ukiona watu wanajikunja kupita punguza kina cha kabati sasa hivi wakati bado ni chaki.

Hatua ya 4: vipimo vyenyewe

Hapa ndo watu wengi wanapigwa, nitakaa kidogo.

Baraza: ukikaa na mto, jumla iwe sentimita 45 kutoka sakafuni. Kwa hiyo kama sponji yako ni 10, baraza lenyewe lijengwe 35 baada ya vigae, sio 45! Ukijenga 45 halafu ukaweka mto utakaa miguu inaning'inia, na wazee ndo wanaumia zaidi. Kina cha kukalia ni 55 kama utaweka mito ya mgongoni, 45 kama mgongo unafika ukutani moja kwa moja.

Rafu za vitabu: kina sentimita 30 kinatosha karibu kila kitu, na kuna sababu nyingine ya kuchagua 30. Shiti moja ya MDF (bodi ya unga wa mbao) au plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukikata vipande vya 30 unapata 4 kamili, msumeno unakula kidogo kidogo na bado inatosha. Ukisema nataka 32 unapata vipande 3 na baki la sentimita kama 25 ambalo litaishia kwenye stoo ya fundi. Sentimita 2 tu zinakula robo ya shiti. Urefu vilevile, rafu ya 60 inatoka mara 4 kwenye urefu wa 244, kwa hiyo shiti moja inakupa rafu 16. Kaa na kalamu upange ukataji kabla ya kwenda kununua, sisi tuliokoa shiti 2 nzima hivyo.

Usivuke sentimita 75 bila nguzo ya katikati. MDF ya milimita 18 ukiitandaza sentimita 100 na kuipakia vitabu itapinda katikati, leo hutaona ila baada ya miezi 6 utaona imeshuka kama kamba ya kuanikia nguo. Na usiniambie utaweka vitu vyepesi, rafu tupu ikishakuwepo nyumbani kila mtu anaweka anachotaka.

Kabati za chini zenye milango zinaweza kuwa na kina cha 40 mpaka 45 na kimo cha 50 mpaka 70. Hapo yanaingia yale yote yasiyopendeza: nyaya, betri, dawa za mbu, michezo ya watoto.

Tivii: inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122 na kimo 69, inchi 43 ina 95 kwa 54. Acha nafasi ya hewa pembeni na uwaze tivii ijayo itakuwa kubwa zaidi, ndo maana sisi tuliacha 156 katikati. Na kimo, jamani, katikati ya kioo pawe sentimita 100 mpaka 110 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Nyumba nyingi tivii iko juu karibu na dari kama ya stendi ya basi na watu wanaumwa shingo bila kujua kwa nini.

Hatua ya 5: mbao gani, bodi gani

Kabla ya hii ya sasa niliwahi kuagiza kabati kwa fundi mmoja wa mtaani, la MDF tupu, limekaa moja kwa moja juu ya vigae. Kuna nyumba ya Dar isiyodekiwa kila siku? Ndani ya mwaka kitako chote kilikuwa kimevimba kama andazi lililolowekwa kwenye chai, rangi inabanduka, milango haifungi. MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukishakunywa maji haurudi. Sio kwamba ni mbaya, inapokea rangi vizuri kuliko bodi yoyote na haipindi pindi, ila haitakiwi kugusa maji, na huku pwani hewa yenyewe ina maji.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Kitako cha zege cha sentimita 10 kikavalishwa vigae vilevile vya sakafu, makabati yakakaa juu yake, dekio linapita halifiki kwenye mbao. Makasha ya chini ni plaiwudi ya milimita 18 ile ngumu ya kustahimili maji. Rafu za juu na milango ya kupaka rangi ni MDF ya 18. Migongo ni plaiwudi ya milimita 6. Na pale mkono na jicho vinapofika, yaani ukingo wa mbele wa rafu, fremu za milango ya baraza na ubao mrefu juu ya kabati za chini, tukaweka mbao halisi, mninga.

Mninga nimeuchagua kwa sababu ukishakauka vizuri hauchezi cheza na rangi yake inazidi kupendeza na miaka, ila ni ghali na sio mti wa kuumaliza, ndo maana hatukujenga kabati zima kwa mninga. Mkongo pia ni imara sana. Mtiki wa mashamba ya kupandwa kama Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro ni chaguo zuri mno na roho inakuwa na amani. Mpaina wa Sao Hill kule Mufindi ni wa bei rahisi, unafaa kwa fremu za ndani zisizoonekana, ila uwe umetiwa dawa, la sivyo mchwa na dumuzi watakushukuru. Vyovyote utakavyonunua dai risiti, na mbao zikifika nyumbani zilaze ndani wiki 2 au 3 zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite katikati. Fundi atakwambia zimekauka. Nyanyua moja, ikiwa nzito ya ajabu na ukikata inatoa ubaridi, bado mbichi hiyo, na mbao mbichi inapindia ndani ya kabati lako.

Hatua ya 6: umeme kabla ya plasta

Fupi lakini usiruke. Fundi umeme aje baada ya mchoro kuwa tayari na kabla ya fundi uashi kumaliza. Nyuma ya tivii weka soketi mbili pacha, kwenye kabati la king'amuzi na rauta nyingine mbili pacha, kwenye baraza moja kila mwisho kwa ajili ya simu. Kutoka nyuma ya tivii mpaka kwenye kabati la chini pitisha bomba la inchi 2 ndani ya ukuta, sio lile jembamba la nyaya za umeme, kwa sababu kichwa cha waya wa HDMI hakipiti humo na siku ukibadilisha waya utavunja ukuta. Nyaya za umeme zipite bomba lake peke yake.

Taa za LED za mkanda ndani ya zidaka na chini ya rafu, chukua za mwanga wa njano, zimeandikwa 3000K. Zile nyeupe za 6500K zinafanya sebule ionekane kama duka la dawa. Kale kaboksi ka kupunguzia umeme kawekwe mahali mkono unafika na hewa inapita, kasifungiwe ndani ya plasta, maana ndo kanakokufa kwanza.

Hatua ya 7: fundi uashi ajenge baraza na zidaka

Baraza letu lina urefu wa mita 3 chini ya dirisha. Tulijenga vijikuta vya tofali kila baada ya sentimita 75, juu yake zege la unene wa sentimita 7 lenye nondo, sawasawa na zinavyojengwa kaunta za jikoni. Limwagiliwe maji siku 7 na mbao za chini zisitolewe kabla ya wiki 2 hata kama fundi anazitaka kwenye kazi nyingine. Chini kunabaki vyumba vinne vya kuwekea vitu, magodoro ya wageni, mablanketi, miswala, mikeka. Milango iwe ya mbele. Wengi wanaweka mfuniko wa kufungua kwa juu, inapendeza kwenye picha lakini kila ukitaka blanketi inabidi umnyanyue mtu aliyekaa na mito yake yote.

Zidaka sasa. Usimruhusu mtu achimbe ukuta wa inchi 6 kupata kishimo, unabaki na ganda tu nyuma yake, na akikutana na nguzo au linta (boriti ya zege ya juu ya mlango au dirisha) ndo kabisa. Sisi tulijenga ukuta wa pili mbele ya ule wa zamani, upana mita 1.8 kati ya mlango na kona, tofali za inchi 6, tukaacha matundu 6 ya sentimita 45 kwa 60 yenye tao juu. Kila tundu lina linta yake ndogo, na ukuta mpya umefungwa kwenye wa zamani kwa vipande vya nondo nyembamba. Tao linapatikana kwa kukata plaiwudi kama kalibu, fundi anajenga juu yake halafu anaitoa. Kina ni kama sentimita 17 baada ya plasta, sahani iliyosimama inaingia, taa inaingia, redio ndogo ya mama mkwe inaingia. Kumbuka umepoteza sentimita kama 17 za chumba na umeongeza uzito, chini kwenye jamvi imara la zege hakuna neno ila kama uko ghorofani usijenge bila kumuuliza injinia. Ghorofani tumia fremu za chuma na jipsamu, lakini hapo usiweke vitu vizito.

Fundi wangu aliniuliza, "Mama, haya matundu sita ya nini, si tungeweka jipsamu ya maua tumalize?" Nikamletea lile boksi la sahani za bibi nikampangia moja moja kwenye mstari wa chaki. Akanyamaza, afu akasema, "Basi hili la katikati tulikuze kidogo, hii kubwa isimame peke yake." Na akawa amepatia, kidaka cha katikati ndo kila mgeni anakiulizia.

Plasta ikauke. Kabla seremala hajaleta kitu bandika kipande cha nailoni ukutani, zungushia solotepu pande zote, kiache siku 2. Ukibandua ukikuta jasho kwa ndani, subiri tena. Kabati la mbao kwenye ukuta wenye maji ni chakula cha ukungu.

Hatua ya 8: makubaliano na seremala

Keko pale Dar mafundi wa fenicha wamejaa, na mtaani kwako wapo pia. Usiangalie kazi mpya iliyo mbele ya banda inang'aa vanishi, omba kuona kabati alilofunga miaka 2 iliyopita kwa mtu. Fungua droo. Angalia kona za milango kama bado ziko sawa.

Mpe mchoro wenye kila kipimo, wote muweke sahihi, na karatasi ya vifaa: unene wa bodi, aina ya bawaba, reli za droo ziwe za chuma zenye gololi, gundi na skrubu sio misumari mitupu. Vifaa nilinunua mwenyewe nikiwa naye, ufundi nikalipa kwa mafungu matatu, la kwanza akianza kukata, la pili makasha yakisimama nyumbani, la mwisho kila mlango ukifunga. Usimalize pesa kazi haijaisha hata kama ni shemeji yako, hasa kama ni shemeji yako maana kumdai itakuwa kesi ya ukoo.

Hatua ya 9: kufunga

Afunge nyumbani kwako, sio kabati lije limekamilika kwenye kirikuu. Pimamaji kwanza, makasha ya chini yawe sawa ndo ya juu yafuate. Nyuma acha nafasi ya sentimita 2 kati ya mgongo na ukuta, na toboa matundu ya hewa. Milango ya baraza letu katikati tuliweka mkeka wa ukindu badala ya ubao, fundi aliubana ndani ya fremu ya mninga, hewa inapita, mablanketi hayanuki uvundo, na ni kazi ya akina mama wa nyumbani Tanga waliosuka kwa ukili wa rangi 2.

Kabati lolote refu lishikwe ukutani kwa fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushika skrubu ukutani) na skrubu ndefu za inchi 3 au 4, sehemu zisizopungua 2 kwa kila kasha. Watoto wanapanda rafu. Sio labda, wanapanda. Akishamaliza livute mwenyewe kwa nguvu zako zote mbele yake, likitikisika arudie.

Kingo zilizokatwa za MDF zipakwe gundi iliyochanganywa na maji kidogo au praima mara 2, ndo rangi. Mninga tulipiga msasa mpaka namba 240 na kupaka vanishi isiyong'aa, mikono 3, kila mkono ukikauka unapitisha msasa laini kidogo.

Hatua ya 10: chumba kipate uso wake

Hapa sikupi orodha maana vitu vyako sivijui. Ila nakwambia tulivyochagua. Kuta nyeupe ya niru, ndani ya zidaka tukapaka rangi ya udongo mwekundu, sahani za buluu na nyeupe zikajitokeza zenyewe. Mito ya kukalia tulitumia kitambaa kizito cha turubali laini chenye zipu kifuliwe, sponji ile ngumu ya sentimita 10, laini itakaa miezi mitatu tu. Mito ya mgongoni ndo tukaweka kanga, kanga ni nyepesi haivumilii kukaliwa, itie bitana ndani. Tulikata kwa hesabu ili maandishi yabaki mbele, na huu mto mkubwa wa katikati umeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone, ni kanga aliyokuja nayo mama mkwe wangu siku ya harusi yetu, ilikuwa imeanza kuchakaa pindo na alikubali ikatwe baada ya kufikiri wiki nzima.

Ukutani juu ya baraza kuna Tingatinga moja ya mraba, ule uchoraji ulioanzia hapahapa Dar 1968 na Edward Said Tingatinga akitumia rangi za baiskeli, na kikapu cha Iringa kinabeba rimoti. Rafu usizijaze. Robo iache tupu, vitu vitakuja.

Kabla hujatoa lile fungu la mwisho zunguka na karatasi ya hatua ya kwanza mkononi. Albamu ya sentimita 36 inaingia? Godoro lililokunjwa linaingia na mlango unafunga? Mtoto anafika daftari lake bila kuita mtu? Mama ana nafasi ya mswala upande wa kaskazini bila kusogeza kitu? Sisi tulikuta mlango mmoja wa baraza unagonga mguu wa meza, fundi akaugeuza bawaba upande wa pili siku hiyohiyo. Rangi iliyobaki funga kwenye kopo andika jina na namba yake kwa kalamu ya wino mzito, weka pamoja na mchoro na bawaba 2 za akiba kwenye chumba cha mwisho cha baraza, nyuma ya magodoro.